Sura ya Tano: Cheti Kilichokwama Barazani

Bi Mwanarusi hakuhitaji kupiga hodi mara ya pili. Bi Twaiba alikuwa amekwisha kumwona tangu alipokuwa akipita kwenye vichanja vya mwani, akatoka na mkeka mpya kwapani, akautandika barazani kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu, dada. Mgeni ni baraka, na aketi kwanza aulizwe hali."

Wakaulizana hali. Ya magoti ikaulizwa, ya wajukuu ikaulizwa, na ya mvua ambayo mwaka huu ilikuwa ikinyesha baharini na kuyaacha mashamba. Chai ikaja, na mahamri yaliyofunikwa kawa. Bi Mwanarusi alikuwa ameamka mapema kutoka Msambweni na alitaka kuanza kazi, lakini aliijua Kibuyuni: neno halitolewi kabla ya kikombe cha kwanza kwisha. Basi akanywa, akatazama.

Kutazama ndiko kulikokuwa kazi yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mlinzi wa lango kwenye hoteli moja ya Diani. Mumewe alipofariki aliacha kazi, akakaa eda, na alipotoka edani watu walianza kumletea mambo yao yaliyopotea: ng'ombe, pete, hati ya shamba. Hakuwa na cheo wala sare. Alikuwa na daftari la shule, kila ukurasa kaupiga mstari katikati. Kushoto aliandika alichokiona, kulia alichoambiwa.

Cha kwanza alichokiandika kushoto asubuhi ile kilikuwa kitu kidogo. Wanawake watatu waliingia uani wakiwa na kuni na ndoo, wakavua ndara, wakapita moja kwa moja hadi jikoni bila hodi. Wa nne, msichana mrefu mwenye kanga ya kijani, aliishia kwenye nguzo ya baraza akasimama hapo.

Kikombe kilipokwisha, Bi Twaiba alieleza kisa chake bila kupaza sauti. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani. Kikundi kina tovuti yake, nayo imewekwa kwenye seva ya kukodi, huko wanakokuita winguni. Ndani yake mna picha za mashamba, mna majina ya wanachama, na mna cheti cha maabara kinachoshuhudia kwamba mwani wao ni safi. Mnunuzi wa ng'ambo hakutaka kuletewa karatasi. Alisema atakitazama cheti hapo hapo kwenye tovuti, kesho Alhamisi saa nne asubuhi, ndipo atie sahihi. Jana, Jumanne, wakala wake aliandika kwamba hakioni. Bi Twaiba akafungua kwa simu mpya, ile aliyoletewa na mwanawe wiki iliyopita, na yeye pia asikione.

"Nywila ya kuingilia mle wanayo watu wawili tu," alisema. "Luqman, fundi wetu wa Kombani, na katibu wetu Eunice, yule pale kwenye nguzo. Luqman nimempigia, ameapa hakukifuta. Basi amebaki mmoja. Leo baada ya alasiri akina mama wanakutana hapa. Ikionekana ni yeye, tunamtoa kikundini, na jina lake tunalipeleka kituo cha polisi."

"Na ikionekana si yeye?"

"Kwani umeitwa kwa nini, dada?"

Bi Mwanarusi akaomba aone kwa macho yake. Bi Twaiba akaifungua tovuti. Ukurasa wa mwanzo ulitokea, lakini ulikuwa kama nyumba iliyohamwa: maandishi meusi juu ya weupe, hakuna rangi, hakuna picha, na pale palipostahili kuwa na picha pana visanduku vitupu. Juu kabisa paliandikwa makaribisho. Bi Mwanarusi aliyasoma neno kwa neno, kisha akayanakili kushoto mwa daftari. Bi Twaiba akabonyeza kiungo cha cheti. Simu ikafikiri kidogo, ikaleta ukurasa ule ule wa mwanzo. Akabonyeza tena. Ukaja ule ule.

"Unaona? Amekifuta, na picha amezifuta, hata rangi amezikomba."

Eunice akaitwa. Alikuja akaketi ukingoni mwa baraza, miguu nje, akawaamkia wote wawili shikamoo. Kwao ni Kinango, naye ni Mduruma, Mkristo. Miaka mitatu sasa alikuwa akiandika barua za kikundi kile na kufunga hesabu ya magunia. Tangu jana ufunguo wa ghala ulikuwa umeondolewa mikononi mwake, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukirudi mara kwa mara pale kiunoni ufunguo ulipozoea kuning'inia.

"Cheti ulikiweka lini, mwanangu?" Bi Mwanarusi aliuliza.

"Wiki tatu zilizopita, bibi."

"Ukakitoa lini?"

"Sikukitoa. Kiko."

"Kiko wapi?"

Eunice akatoa simu yake, akafungua. Na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Tovuti ilitokea kwenye simu yake ikiwa imevaa nguo zote, samawati ya bahari na picha za kamba za mwani. Akabonyeza kiungo, cheti kikatokea, muhuri na sahihi.

Bi Twaiba aliinamia kioo akausoma muhuri. Kisha alimgeukia mgeni wake.

"Sisi sote hatukioni, yeye peke yake anakiona. Aliyekificha ndiye ajuaye kilipo. Na kuna jingine. Alionekana wiki iliyopita Kombani akinong'onezana na Karisa, yule anayenunua mwani wa kikundi kingine."

"Karisa ni mjomba wangu," alisema Eunice.

"Mjomba ndiye atakayenufaika, basi."

Bi Mwanarusi akaandika habari ya Karisa upande wa kulia, maana hakumwona. Kisha akanyoosha mkono akaomba simu ile ya Eunice, na badala ya kukitazama cheti akatazama juu ya kioo, penye alama ya data.

"Izime," alisema.

"Data, bibi?"

"Ndiyo. Kata kila kitu kinachokuunganisha na dunia. Sasa kifungue tena hicho cheti."

Eunice akafanya hivyo. Cheti kikafunguka kama kwanza.

Bi Mwanarusi aliirudisha simu, akaandika polepole. Simu haina njia ya kwenda winguni, na cheti kimetokea. Basi hakikutoka winguni. Kilikuwa mle mle ndani ya simu, nakala ya zamani iliyowekwa akiba, kama mtu anayekuonyesha picha ya nyumba ilhali nyumba yenyewe hujui kama bado imesimama. Eunice hakuwa akikiona cheti ambacho wengine hawakioni. Alikuwa akiona cha wiki tatu zilizopita. Hilo halikumsafisha, lakini lilimvua kosa moja.

Ilibaki kujua kama cheti kimefutwa kweli. Aliiomba simu mpya ya Bi Twaiba, akampa Eunice.

"Kwenye anwani ya cheti, ufute lile neno la mwisho. Uandike Mbwana."

"Mbwana nani, bibi?"

"Mume wangu. Ana miaka tisa kaburini, Mungu amrehemu, na hakuwahi kuishika kamba ya mwani."

Eunice akamtazama Bi Twaiba, kisha akaandika. Simu ikafikiri, ikaleta ukurasa wa mwanzo na makaribisho yake.

"Andika sasa ng'ombe wa samawati."

Ng'ombe wa samawati naye akakaribishwa.

Bi Mwanarusi alikunja miguu upya kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. Akawaeleza kwamba kule hotelini, mlinzi mpya alipoletwa, walikuwa wakimtuma mtu langoni aulizie mgeni ambaye hayupo wala hajawahi kuwapo. Mlinzi anayetazama orodha alijibu, huyo hatunaye. Mlinzi asiyetazama alimwambia kila mtu neno moja: nenda mapokezi. Mwenye chumba, mapokezi. Muuza samaki, mapokezi. Hata daktari aliyeitwa kwa mgonjwa chumba cha tisa, mapokezi.

"Cheti kingekuwa kimefutwa, mlinzi angesema hakipo," alisema. "Huyu hajasema hakipo. Huyu hajatazama. Na asiyetazama, dada, hawezi kukushuhudia kwamba kitu kimeibwa."

"Kumbe lango la hoteli limekufunza na kompyuta," alisema Bi Twaiba, nusu mzaha, nusu sivyo.

"Kompyuta siijui. Lango nalijua."

Saa sita alikuwa Kombani. Saiba ya Luqman, duka lake la intaneti, ilikuwa katikati ya duka la mahindi na la vyombo vya plastiki, na ndani watu watano walikuwa wakingoja kuchapishiwa fomu. Luqman, kijana mwenye mke na mtoto na kofia safi iliyodariziwa, alipomwona alitoka nyuma ya meza, akamwamkia, akamtafutia kiti mbele ya feni.

Kwanza aliulizwa habari ya Karisa. Alicheka. Karisa na Eunice walikuja hapa hapa kuchapisha barua ya hospitali, mama yake Eunice alikuwa akihamishwa wadi. Kunong'ona kwao kulikuwa ni kwa sababu Eunice alikuwa akilia. Bi Mwanarusi akapiga mstari juu ya jina la Karisa.

"Na cheti?"

"Sikukigusa, wallahi. Tazama, bibi, kiko." Akaigeuza kompyuta yake. Tovuti ilikuwa imevaa samawati, cheti na muhuri wake.

"Kwenye mashine hii kiko. Hata kwa Eunice kiko." Bi Mwanarusi akatoa simu yake mwenyewe, ya vitufe vichache na kioo kilichopasuka pembeni. "Hii haijawahi kuifungua tovuti yenu hata siku moja. Nifungulie."

Luqman akafungua. Ukurasa ukaja mtupu, maandishi meusi. Akabonyeza kiungo, akarudishwa mwanzo. Akabonyeza mara tatu, na kila mara uso wake ulikuwa ukibadilika. Wateja wakaanza kulalamika. Akawaambia wamsubiri.

"Umegusa nini huko, mwanangu?"

"Cheti sikukigusa, bibi, naapa."

"Usimchoshe Mungu kwa viapo. Sikukuuliza cheti. Nimekuuliza lango."

Bi Mwanarusi akafungua daftari, akasoma upande wa kushoto, yale makaribisho ya juu ya ukurasa: Mgeni ni baraka, na aketi kwanza aulizwe hali.

"Haya maneno si yako. Leo asubuhi nimeyasikia kwa sauti, nikitandikiwa mkeka."

Luqman alikuna kichwa chini ya kofia. Kisha alichukua simu yake, akatafuta, akaiweka mezani kati yao, na sauti ya Bi Twaiba ikatoka, tulivu kama kawaida yake. Alikuwa akisema kwamba amesikia watu wanatumiana kiungo cha cheti na kuingia moja kwa moja, kama mtu anayeruka ua akatokea chumbani. Kwetu mgeni haingizwi ndani kabla hajakaribishwa barazani. Fanya, mwanangu, kila anayekuja, awe nani, aanzie mwanzo. Na uandike makaribisho ya heshima.

"Lini hii?"

"Jumatatu adhuhuri. Nikafanya alasiri." Akafungua mahali pa kuendeshea seva, akamwonyesha orodha ya mabadiliko, kila moja na saa yake na jina la aliyeingia. La juu kabisa lilikuwa lake, Jumatatu, saa kumi na dakika kumi. La Eunice lilikuwa chini, moja tu, la wiki tatu zilizopita: cheti kimewekwa. Hakuna mahali palipoandikwa kimefutwa. Bi Mwanarusi alitaka aisome orodha mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, na akaisoma mara mbili.

Kisha akataka kuziona amri za lango. Luqman akamfungulia faili fupi, haizidi mistari kumi, akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida. Kila ombi linalofika kwenye seva lina anwani. Seva huzisoma amri kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolihusu ombi ndiyo inayofuatwa. Za chini hazisomwi tena. Zamani amri ya kwanza ilisema, faili ikiwapo kwa jina lake, itolewe kama ilivyo. Yeye Jumatatu aliweka nyingine juu yake: anwani yoyote, toa ukurasa wa mwanzo.

"Ukaiweka juu."

"Kwa heshima ya mwenyekiti, bibi. Alisema kila anayekuja aanzie mwanzo."

"Na rangi? Na picha?"

"Nazo ni faili. Ukurasa ukifika kwenye simu, hurudi langoni kuomba nguo zake, moja moja. Sasa kila ukiomba nguo, unapewa tena makaribisho."

"Na kwenye mashine yako unavaa nguo kwa nini?"

Hapo Luqman aliinama. Faili zile hazibadilikibadiliki, alisema, picha ni ile ile, cheti ni kile kile. Kwa hiyo aliiamuru seva kila izitoapo iziruhusu zikae kwenye simu ya mtu mwezi mzima, bando la data la akina mama lisiliwe bure. Jumatatu alipomaliza aliijaribu kazi yake kwenye kompyuta hii hii, akaona kila kitu kiko sawa, akafunga duka akaenda kuswali.

"Ulikuwa ukitazama akiba yako."

"Ndiyo, bibi. Na jana Bi Twaiba aliponiuliza kama nimekifuta, niliona kipo, nikasema sikukifuta. Sikujua kwamba kwa kusema hivyo nilikuwa nikimsukumia Eunice."

Bi Mwanarusi aligeuza ukurasa wa daftari. Alimwambia azipange amri upya, na apange kama lango la watu wenye akili. Mwenye jina kwenye orodha apite, apewe chake. Anayekuja bila kutaja anakokwenda, huyo ndiye wa baraza, akaribishwe kwa maneno yote ya Bi Twaiba. Luqman alikuwa akiandika huku akiitikia kwa kichwa.

"Na anayeulizia kisichokuwapo? Nimpeleke mwanzo?"

"Aambiwe kweli."

Luqman akahifadhi, akangoja kidogo, akaichukua simu ile yenye kioo kilichopasuka. Akafuta akiba yake kwanza, bila kukumbushwa. Ukurasa ukaja na samawati yake. Cheti kikafunguka, muhuri na sahihi.

"Sasa muulize Mbwana," alisema Bi Mwanarusi.

Luqman hakuuliza ni nani. Akaandika. Kioo kikawa cheupe, kisha yakatokea maneno machache: Hakuna ukurasa wenye jina hilo.

Bi Mwanarusi aliyatazama maneno yale muda mrefu kidogo kuliko alivyotazama mengine. Kisha akayaandika kushoto, akafunga daftari, akaenda kuswali adhuhuri.

Alasiri ilikuwa imekwisha kuswaliwa alipofika Kibuyuni. Wanawake walikuwa wamejaa uani juu ya mikeka, na Eunice alikuwa pale pale kwenye nguzo, peke yake, mkeka uliokuwa karibu naye umeachwa wazi. Bi Mwanarusi alitoa salamu, akajibiwa, akamwomba mwenyekiti waingie ndani kwanza, wawili tu.

Chumbani alimsomea daftari, kushoto tu. Alipofika kwenye ujumbe wa sauti, Bi Twaiba aliinua kiganja kumzuia.

"Hiyo sauti yangu naijua. Huna haja ya kuniletea." Akakaa kitandani. "Nilitaka wageni wakaribishwe, dada."

"Najua."

"Utayasema haya mbele yao?"

"Ushahidi ni amana. Nikiulizwa, nitasema. Lakini bado sijaulizwa, na mwenye nyumba hutangulia."

Bi Twaiba alikaa kidogo, akiipindua ncha ya leso yake. Nje mtu alikohoa. Kisha akainuka, akachukua kitu kwenye kikapu cha ukutani, akatoka.

Hakuhutubia. Aliwaambia kwamba cheti hakikuibwa wala kufutwa. Lango lilifungwa na Luqman, kwa amri, na amri ilikuwa yake yeye Twaiba, tangu Jumatatu, na jana alipomtuhumu mtoto wa watu hakuikumbuka. Akampa simu mama aliyekuwa mbele kabisa afungue mwenyewe. Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akikitazama cheti kisha akimtazama Eunice.

Bi Twaiba akaenda hadi kwenye nguzo. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwenye kiganja chake.

"Nimekukosea, mwanangu. Niwie radhi."

Eunice aliutazama ufunguo, hakuupokea upesi. "Miaka mitatu, bibi," alisema, "chai yangu naletewa hapa nje."

Bi Twaiba alimshika mkono, akaufumbata ufunguo ndani yake, akamgeuza kuelekea mlangoni.

"Chai iko mekoni. Nenda kajimiminie."

Eunice akavua ndara. Alipofika kizingitini alisimama, na kwa mazoea akasema hodi.

"Hodi ya nini?" alisema Bi Twaiba nyuma yake. "Pita. Jina lako limo."